Chakula cha nyumbani na chakula cha haraka: familia ikikosa muda ifanye nini?

Swali hili linarudi kila mara katika mikutano ya wamama hapa Lubumbashi, na tunajua kwamba linaulizwa pia Kalemie, Uvira, Bukavu na Goma. Mama anatoka nyumbani alfajiri kwenda sokoni, hospitalini, shuleni au mpakani Kasumbalesa. Baba anapanda basi la kampuni ya madini kabla jua halijatoka. Watoto wanarudi kutoka masomoni na njaa. Saa kumi na mbili ya jioni inafika, na mbabula bado haijawashwa. Je, familia ipike, ama inunue kitu kilicho tayari?

Wengine wanajibu kwa wepesi: mama mwema anapika, mama mvivu ananunua. Jibu hilo tumelisikia hata katika mafundisho ya ndoa. Sisi tunaona kwamba halina haki, na tena halisaidii mtu yeyote kula vizuri. Katika maandishi haya tunataka kueleza mambo matatu: jinsi jiko letu lilivyobadilika, ni chakula gani cha haraka kinachosaidia na kipi kinachodhuru, na jinsi nyumba yenye shughuli nyingi inavyoweza kula vizuri bila kumvunja mama mgongo.

Jiko letu lilivyobadilika

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji watu wengi wa kazi, na watu hao walihitaji kula. Kampuni iliwagawia posho: unga, maharagwe, samaki, chumvi, mafuta. Baadaye, kuanzia miaka ya 1920, iliona afadhali mfanyakazi akae na mke na watoto wake kambini. Ndipo vikaanzishwa vituo vilivyoitwa foyer social, ambamo wake wa wafanyakazi walifundishwa kupika, kushona na kutunza nyumba. Baba alikwenda kazini, mama alibaki nyumbani, unga ulitoka kwa kampuni. Wengi wetu tulifikiri kwamba hiyo ndiyo desturi ya wazee. Kumbe ulikuwa mpango wa kampuni ya madini.

Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, ikaja kuitwa Gécamines, lakini mpango wa unga uliendelea. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kisha ikaanguka. Mishahara ilichelewa, posho ikakoma, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Nani aliyelisha watoto wakati huo? Wamama. Waliuza unga, makala, mboga, nguo za mitumba, maandazi. Wakaanza kusafiri mpaka Kasumbalesa, kama kilomita 90 kutoka hapa, kutafuta bidhaa.

Kwa hiyo mama wa leo hakukimbia jiko. Maisha yalimwita nje ili jiko lipate kitu cha kupika. Lakini katika nyumba nyingi tulimwongezea kazi ya nje bila kumpunguzia ya ndani. Hapo ndipo shida yetu inapoanzia.

Gharama ya sufuria moja

Anayesema kwamba kupika nyumbani ni rahisi ahesabu kwanza. Tuchukue sombe, mboga ambayo kila mtu wa mashariki anaijua. Majani yachumwe, yaoshwe, yatwangwe, yachemshwe kwa muda mrefu, ndipo yatiwe mawese, kitunguu na pengine karanga. Maharagwe makavu nayo yanaweza kukaa motoni saa mbili au tatu. Tena sisi tunaishi juu: Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari, Bukavu na Goma kama mita 1,500. Mahali pa juu maji huchemka kabla ya kufikia joto la 100, kwa hiyo maharagwe yanachelewa kuiva kuliko pwani. Bukari wenyewe, ambao ndugu zetu wa Bukavu wanauita bugali, hausongwi kabla mboga haijawa tayari.

Halafu kuna moto. Umeme wa SNEL ukikatika, na unakatika, nyumba inarudi kwenye makala. Makala yetu yanatoka katika misitu ya miombo kuzunguka mji, na misitu hiyo inazidi kuwa mbali kila mwaka, hivyo bei inapanda. Familia yenye fedha hununua gunia zima. Familia isiyo nazo hununua kidogo kidogo kila siku, na mwisho wa mwezi inakuwa imelipa zaidi. Ongezeni maji: mahali ambapo bomba halitoi, mtoto anabeba bidoni kabla ya kwenda shule.

Ukijumlisha hayo yote utaelewa kwa nini mkate na soda vinashinda saa kumi na mbili ya jioni. Havihitaji makala, havihitaji maji, havihitaji saa tatu. Mtu anayetaka kuvishinda lazima ajibu swali la moto na la muda. Lawama peke yake haziivishi maharagwe.

Chakula cha haraka si kitu kimoja

Tunapenda kutenganisha vikapu vitatu, maana watu wanavichanganya.

Kikapu cha kwanza ni chakula ambacho kazi yake imeanzwa na mtu mwingine: unga uliosagwa, sombe iliyotwangwa tayari sokoni, karanga zilizosagwa, ndakala na sambaza waliokaushwa. Kumbukeni kwamba nyanya zetu walitwanga mahindi kwa mikono. Leo tunapeleka mahindi kwa mashine, ama tunanunua unga, na hakuna anayesema kwamba mashine ni uvivu. Sombe iliyotwangwa ni jambo lile lile. Inaokoa muda, haipunguzi chochote katika chakula, na inamlipa mama mwingine aliyeitwanga. Muulize tu kama majani yalioshwa vizuri, na uichemshe vya kutosha.

Kikapu cha pili ni chakula kilichopikwa na jirani: viazi vitamu vya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, maandazi, michopo, sahani ya bukari na samaki katika vibanda vile tunavyoviita malewa. Hiki ni chakula halisi. Mara nyingi kinapikwa na mama anayelisha watoto wake kwa kazi hiyo, na pengine ni mshiriki wa kanisa letu. Tuangalie mambo matatu: usafi wa maji na mikono, kama chakula bado ni cha moto, na kama mafuta ya kukaangia hayajatumika mara nyingi mpaka yakawa meusi. Kibanda kikiwa safi, kula hapo mara moja moja si dhambi wala aibu. Tatizo ni mfuko: kula hivyo kila siku, watu sita, kunakula mshahara.

Kikapu cha tatu ni cha kiwandani: biskuti, soda, juisi ya unga, tambi za dakika tatu, soseji, vitafunio vya chumvi vya pakiti. Hapa tunawaomba mkae macho. Profesa Carlos Monteiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazili, ndio waliowafundisha wengi kuangalia chakula kwa namna hii: wasiulize tu kina sukari kiasi gani, waulize pia kimetengenezwaje. Mwaka 2019, huko Marekani, mtafiti Kevin Hall na wenzake waliwaweka watu wazima 20 mahali pamoja kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa chakula cha kiwandani, wiki mbili chakula cha kawaida, na kila mara waliachwa wale mpaka washibe. Walipokuwa kwenye chakula cha kiwandani walikula kama kalori 500 zaidi kila siku, na uzito ukaongezeka. Chakula hicho kilikuwa laini, kiliingia upesi, na walikimaliza kabla tumbo halijasema basi.

Kwetu kuna hatari nyingine. Mtoto anayekula biskuti na soda anajaa, lakini hajapata kitu cha kumjenga. Chupa ya soda ya kawaida ya sentilita 33 mara nyingi ina gramu 35 hivi za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asipite gramu 50 kwa siku nzima, na ni vizuri zaidi akibaki chini ya 25. Kuhusu chumvi, linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Sasa angalieni kile kidonge cha supu tunachotia katika kila sufuria: karibu nusu ya uzito wake ni chumvi, pengine na zaidi. Mama akitia vidonge vitatu na kuongeza chumvi ya kawaida juu yake, nyumba nzima inakula chumvi nyingi bila kujua. Tunazika watu wengi kwa ugonjwa wa tansio. Wengine tungeweza kuwasaidia mapema jikoni.

Njia fupi zisizofaa

Haraka haraka haina baraka, tunasema. Katika kupika kuna mahali ambapo methali hiyo ni ya kweli kabisa.

Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa Kwango, kusini-magharibi mwa nchi yetu, ambao watu wa huko waliuita konzo. Mtu anaamka miguu imekakamaa, na haiponi tena. Mara nyingi ni watoto na wamama. Watafiti walikuja kuonyesha kwamba chanzo ni sumu ya mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, pamoja na kukosa chakula chenye kujenga mwili. Katika jimbo la Bandundu la wakati ule waliona jambo la kusikitisha. Biashara ya mihogo ya kupeleka Kinshasa ilipokua kwa sababu ya barabara nzuri, wamama walianza kuloweka mihogo siku moja badala ya siku tatu ili waiuze upesi. Konzo ikawajia. Muda uliookolewa ulilipwa na miguu ya watoto.

Kwa hiyo, mihogo michungu ilowekwe siku zake zote. Sombe itwangwe vizuri na kuchemshwa sana, sufuria ikiwa wazi mwanzoni, maana kutwanga kunaitoa sumu na moto unaipeleka hewani. Maharagwe mekundu yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi, yasipashwe moto tu. Mahindi na karanga zenye ukungu zisisagwe, hata kama bei yake ni ndogo. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kikibaki, na nyumba haina friji, ni afadhali kupika kidogo kuliko kumlisha mtoto masalio ya jana. Na mbabula isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata wakati wa baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Moshi wa makala hauonekani, lakini unaua.

Njia fupi zilizo njema

Sasa tuje kwa yanayosaidia. Mengi hayadai fedha.

Kuloweka maharagwe usiku. Yakilala majini, muda wa kuyapika unapungua sana, na makala pia. Yamwageni maji ya kulowekea, mpike kwa maji mapya. Sufuria ya presha, kwa anayeweza kuinunua, inapunguza zaidi, hasa katika miji ya juu kama yetu.

Kikapu cha joto. Chukueni kikapu kikubwa ama katoni, mjaze ndani blanketi za zamani, nguo au majani makavu, mkiacha nafasi ya sufuria katikati. Maharagwe yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu dakika 15 au 20, kisha sufuria ifunikwe vizuri, iingizwe kikapuni na kufunikwa tena kwa blanketi. Yataendelea kuiva bila moto wakati mama yuko kazini. Jioni yarudishwe motoni mpaka yachemke, ndipo yaungwe. Njia hii ilitumika sana Ulaya wakati wa vita vikuu, kuni na mkaa wa mawe vilipokuwa haba. Mchele nao unaiva vizuri hivyo.

Moto mmoja, kazi mbili. Makala yakiwashwa kwa ajili ya mboga ya jioni, yasiachwe yafe bure. Chemsheni hapo viazi vitamu au mayai ya asubuhi, na maji ya kunywa.

Akiba ya vikavu. Ndakala, karanga, maharagwe, soya, unga. Vitu hivi vinangoja bila friji. Ndakala wanaoliwa wazima, na mifupa yao, wanampa mtoto chokaa ya mifupa na nguvu ya mwili. Ndakala, nyanya, kitunguu na lengalenga vinaiva kwa nusu saa. Hicho nacho ni chakula cha haraka, na kimepikwa nyumbani.

Kitu mkononi mwa mtoto. Kiazi, ndizi, karanga za kukaanga au yai la kuchemsha linaweza kwenda shuleni mahali pa biskuti. Mara nyingi bei ni ile ile, pengine ni pungufu.

Siku ya kununua. Nyumba inayopanga mboga za juma zima siku ya Jumamosi inanunua kwa wingi zaidi na kwa bei nafuu kuliko inayokimbilia sokoni kila jioni. Kupanga kwenyewe ni dakika kumi na karatasi moja.

Nani ashike mwiko?

Hata tukifanya hayo yote, swali moja linabaki. Ikiwa mama na baba wote wanarudi wamechoka, kwa nini mmoja akae chini na mwingine aanze kazi ya pili?

Tunajua kwamba wababa wengine wataona swali hili ni la kigeni. Lakini tusome Maandiko. Katika Mwanzo 25 aliyepika kile chakula cha dengu alikuwa Yakobo, mwanamume. Katika Yohana 21 Bwana mwenyewe, baada ya kufufuka, aliwaandalia wanafunzi wake samaki juu ya moto wa makaa, kisha akawaita waje kula. Katika Matendo 6, wajane waliposahauliwa katika ugawaji wa chakula cha kila siku, kanisa halikuwaambia wajane wavumilie. Lilichagua wanaume saba wenye sifa njema ili washughulikie meza. Mara nyingi tunamhubiri Martha kama mfano wa mtu anayehangaika na jiko. Ni mara chache tunauliza kwa nini aliachwa peke yake.

Kwa vitendo: kijana wa kiume wa miaka 12 anaweza kuwasha mbabula, kuchambua maharagwe na kusonga bukari kama dada yake. Baba anayefika kwanza anaweza kurudisha maharagwe motoni. Anayeshindwa kabisa kupika anaweza kwenda kuteka maji na kuosha sufuria. Hakuna atakayepoteza heshima yake. Watoto watakaomwona baba akifanya hivyo watajifunza jambo ambalo hawatalisikia katika mahubiri kumi.

Na kama siku fulani hakuna nguvu tena, familia ikanunua sahani kwa jirani na kuketi pamoja kuila, tuseme asante kwa Mungu na tule. Meza ya pamoja ina thamani yake hata kama sufuria ilitoka kwa mtu mwingine. Tunachokataa ni kila mmoja kula peke yake, saa yake, pakiti yake, mpaka wiki inaisha bila watu wa nyumba moja kuonana usoni.

Makanisa yafanye nini?

Kwanza, tuache kumpima mama kwa moshi wa jiko lake. Pili, karamu zetu wenyewe ziwe mfano: kwenye harusi na mikutano mikubwa tuweke maji safi na matunda pale tunapoweka soda. Tatu, vikundi vya wamama vinavyofundisha kushona vinaweza kufundisha pia kikapu cha joto, na vikundi vya wababa vialikwe siku hiyo. Nne, familia zinazokaa jirani zinaweza kununua gunia la makala au la maharagwe pamoja na kugawana, ili aliye na kidogo asilipe bei ya rejareja.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

Katika nyumba yetu, nani anaamka wa kwanza na nani analala wa mwisho? Kwa sababu gani?

Wiki iliyopita tulinunua nini kutoka kikapu cha tatu? Fedha zile zingeweza kununua nini katika kikapu cha kwanza?

Ni mara ngapi tuliketi wote kula pamoja? Ni siku gani moja tunayoweza kuanza nayo juma hili, na nani atakayeloweka maharagwe usiku wa kuamkia siku hiyo?